Kuvuka Karibea kwa Boti: Mwongozo Kamili wa Safari ya Historia kutoka Barbados hadi Guadeloupe

Anayetaka kuzuru visiwa vya Karibea hana budi kukubali mapema kwamba hawezi kuvimaliza kwa safari moja. Kutoka Havana hadi Port of Spain ni zaidi ya kilomita 2,000 za bahari, na katikati kuna mataifa, sarafu na lugha za kila namna. Wasafiri wengi hujaribu kuruka kutoka Jamaica hadi Bahamas na kisha Aruba, wakaishia kutumia nusu ya fedha zao kwenye viwanja vya ndege. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, yaani kuchagua visiwa vitano vilivyopangana upande wa mashariki, Barbados, Saint Lucia, Martinique, Dominica na Guadeloupe, na kuvifuata kutoka kusini kwenda kaskazini, sehemu kubwa ya safari ikiwa ni kwa boti.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba katika kila kisiwa siku ya kwanza ipewe historia, na ufuo ungoje siku ya pili. Visiwa hivi vilijengwa kwa miwa na kwa jasho la Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu, na mtu akishalijua hilo, huitazama kwa jicho jingine kabisa bandari, jumba la kifahari au hata chupa ya ramu. Asiyelijua huweza kupiga picha mbele ya kinu cha zamani cha miwa bila kufahamu nani alikatikia mkono ndani yake.

Hatua ya kwanza: chagua majira na idadi ya siku

Kiangazi cha visiwa hivi huanza Desemba hadi Mei. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili bei za hoteli hupanda sana kwa sababu Wazungu na Wamarekani huwa wanaikimbia baridi ya kwao. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na miezi ya hatari zaidi ni Agosti, Septemba na mapema Oktoba. Jambo hili si la kinadharia: tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga Dominica kikiwa cha daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa, kikaezua mapaa ya nyumba nyingi na kuacha milima ikiwa mitupu, bila majani. Kwa anayetafuta nafuu ya bei bila kuhatarisha safari, ningependekeza mwezi wa Mei.

Tenga siku 16 kwa uchache: tatu Barbados, tatu Saint Lucia, nne Martinique, nne Dominica na mbili Guadeloupe. Ukiwa na siku kumi tu, punguza visiwa. Usipunguze siku za kila kisiwa.

Hatua ya pili: viza, na mtego wa visiwa vya Kifaransa

Hapa ndipo safari nyingi hukwama, kwa hiyo soma sehemu hii kwa makini. Barbados, Saint Lucia na Dominica ni nchi huru na ni wanachama wa Jumuiya ya Madola, kama zilivyo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, na uanachama huo mara nyingi hurahisisha masharti ya kuingia. Hata hivyo masharti hubadilika, na kila nchi ina orodha yake, kwa hiyo thibitisha kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya kila kisiwa kabla ya kulipia tiketi. Afisa wa uhamiaji atataka kuona tiketi ya kutoka nchini mwake na anwani ya mahali utakapolala, nawe uwe nazo kwenye karatasi, kwa kuwa simu inaweza kuzimika baada ya safari ndefu.

Martinique na Guadeloupe ni mikoa ya Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maana yake ni kwamba viza ya kawaida ya Schengen haitoshi kukuingiza huko. Unapojaza maombi ya viza ya Ufaransa, taja waziwazi kwamba unakwenda Martinique na Guadeloupe, ili upewe viza inayoitaja mikoa hiyo ya ng'ambo. Kinyume chake, ukimaliza safari Guadeloupe na kurudi nyumbani kupitia Paris, utahitaji pia ruhusa ya kuingia Schengen, kwa sababu huenda ukashukia uwanja wa Orly ilhali ndege yako ya Afrika inaondokea Charles de Gaulle. Wenye kibali cha kuishi Ufaransa hawana shida hii.

Njia rahisi ya kufika Barbados ni kupitia London, kwa safari ya saa nane hadi tisa hivi juu ya Atlantiki. Raia wa nchi za Afrika Mashariki huhitaji viza ya kupita hata kama hawatoki nje ya uwanja, isipokuwa wale walio na misamaha maalumu, kama vile viza hai ya Marekani au Kanada. Hakikisha pia kwamba ndege zako zote mbili zinatumia uwanja mmoja. Anayetua Heathrow na kuondokea Gatwick analazimika kuingia Uingereza kabisa, na hiyo ni viza ya aina nyingine.

Hatua ya tatu: afya, fedha na mavazi

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani visiwa hivi hukidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, nacho huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchanjwa. Malaria haipo katika visiwa hivi vitano, ila homa ya dengi ipo, na mbu wake huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu ibaki mfukoni muda wote. Bima ya safari iwe ile inayotaja vimbunga na gharama za kusafirisha mgonjwa.

Sarafu ni tatu. Dola ya Barbados imefungwa kwenye kiwango cha mbili kwa dola moja ya Marekani. Saint Lucia na Dominica hutumia dola ya Karibea ya Mashariki, ambayo tangu 1976 ni 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Martinique na Guadeloupe hutumia yuro. Usifungashe nguo zenye mabaka ya kijeshi, hata za mtoto, kwa sababu sheria za Barbados, Saint Lucia na Dominica zinamkataza raia kuzivaa.

Hatua ya nne: Barbados, mahali pa kuanzia

Waingereza waliweka makazi Barbados mwaka 1627, na kufikia miaka ya 1640 walikuwa wameanza kuigeuza shamba moja kubwa la miwa. Mwaka 1661 bunge la kisiwa lilipitisha sheria ya watumwa iliyomhesabu Mwafrika kuwa mali, na sheria hiyo ikaigwa Jamaica na kwenye makoloni mengine. Kwa hiyo kuanzia Barbados ni kuanzia kwenye mzizi wa jambo lenyewe.

Asubuhi ya kwanza tembea Bridgetown kwa miguu. Mji huu wa kale pamoja na kambi yake ya jeshi uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Makumbusho ya Barbados yamo ndani ya lililokuwa gereza la jeshi katika kambi hiyo, nayo yanastahili saa mbili nzima. Katika uwanja wa mbele ya Bunge utaona pengo lililoachwa na sanamu ya Nelson, admirali wa Kiingereza, iliyoondolewa Novemba 2020, mwaka mmoja kabla ya nchi kuwa jamhuri tarehe 30 Novemba 2021. Kisha panda basi hadi kwenye mzunguko wa barabara iliposimama Sanamu ya Ukombozi, kazi ya Karl Broodhagen ya mwaka 1985, ambayo watu wote huiita Bussa, kwa jina la kiongozi wa uasi wa Aprili 1816. Ni mwanamume aliyeinua mikono na uso mbinguni, na minyororo iliyokatika inaning'inia kwenye vifundo vya mikono yake.

Mchana nenda Newton, yalikokuwa mashamba ya miwa katika parokia ya Christ Church, ambako kuna makaburi ya watumwa yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia miaka ya 1970. Hakuna mawe ya makaburi. Ndiyo sababu wageni wengi wamekuwa wakipita bila kusimama. Katika kaburi moja alizikwa mzee anayedhaniwa kuwa mganga, na shingoni mwake ulikutwa mkufu wenye meno ya mbwa, shanga za kioo, shanga kubwa ya akiki nyekundu kutoka India, na kauri za aina inayopatikana katika Bahari ya Hindi. Kwa msomaji wa pwani yetu, huo ni ushahidi kwamba biashara ya bahari yetu ilifika mbali kuliko tunavyofundishwa shuleni.

Usafiri wa Barbados ni rahisi. Kuna mabasi ya bluu ya serikali, mabasi madogo ya manjano, na vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, ambavyo aliyezoea daladala au matatu atajisikia nyumbani ndani yake. Nauli ni moja popote uendapo. Ukiingia ndani ya gari au dukani, salimia kwanza, na hali ni hiyohiyo katika visiwa vyote vitano: asiyesalimu huhesabiwa kuwa hana adabu, na hujibiwa kwa ukavu. Ijumaa jioni nenda Oistins kula samaki wa kuchoma sokoni. Ufuo wa magharibi una maji tulivu ya kuogelea. Ule wa mashariki, Bathsheba, ni wa kutazama tu, kwa sababu mikondo yake ni mikali na imewahi kuua.

Hatua ya tano: Saint Lucia

Kutoka Barbados panda ndege ndogo, safari isiyofika saa moja. Kisiwa hiki kilinyang'anywa mara 14 kati ya Waingereza na Wafaransa, na matokeo yake ni kwamba serikali huongea Kiingereza huku sokoni na majumbani kukitawala Krioli chenye asili ya Kifaransa, ambacho pia kitaeleweka Martinique, Dominica na Guadeloupe.

Mjini Castries pita katika uwanja wa Derek Walcott. Kisiwa hiki kidogo kimetoa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel: Arthur Lewis wa uchumi mwaka 1979, na Walcott wa fasihi mwaka 1992, na wote wawili walizaliwa tarehe 23 Januari. Kisha elekea Pigeon Island upande wa kaskazini, ukwee ngome ya Rodney, na siku ya hewa safi utaiona Martinique ng'ambo ya mlango wa bahari. Hapo ndipo Rodney, admirali wa Kiingereza, alipokuwa akivizia meli za Kifaransa kabla ya vita vya tarehe 12 Aprili 1782.

Siku mbili zilizobaki zitumie Soufrière, chini ya vilele viwili vya Piton ambavyo ni Urithi wa Dunia tangu 2004. Gros Piton hupandwa kwa kuanzia kijiji cha Fond Gens Libres, kilichoanzishwa na watu waliojikomboa kutoka utumwani, na lazima uende na mwenyeji kama kiongozi. Anza saa kumi na mbili asubuhi, beba lita mbili za maji, na tenga saa nne hadi tano za kwenda na kurudi. Jioni jipake matope ya moto ya chemchemi za salfa, kisha ule chakula cha taifa, ambacho ni ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi.

Hatua ya sita: kuvuka kwa boti

Boti ziendazo kasi huunganisha Castries (Saint Lucia), Fort-de-France (Martinique), Roseau (Dominica) na Pointe-à-Pitre (Guadeloupe). Kutoka Saint Lucia hadi Martinique ni kama saa moja na nusu. Kutoka Martinique hadi Dominica, na kutoka Dominica hadi Guadeloupe, ni takribani saa mbili kila mkondo. Haziondoki kila siku, na ratiba hubadilika kwa msimu, kwa hiyo panga siku za boti kwanza na hoteli baadaye. Fika bandarini saa mbili kabla, kwa kuwa kuna uhamiaji na forodha kama uwanjani, na uwe na fedha taslimu za kodi ya kuondoka. Bahari iliyo kati ya visiwa huwa imechafuka, hasa Desemba hadi Februari ambapo pepo huvuma kwa nguvu. Anayepatwa na kichefuchefu ameze dawa mapema na akae nyuma, sehemu ya chini, ambako boti hairuki sana.

Hatua ya saba: Martinique

Kodi gari hapa, kwani mabasi ya vijijini ni machache na huisha mapema. Kumbuka kwamba Barbados, Saint Lucia na Dominica wanaendesha kushoto kama sisi, ilhali Martinique na Guadeloupe wanaendesha kulia.

Saint-Pierre ndiyo sababu kubwa ya kuja. Mji huu ulikuwa mkubwa na tajiri kuliko yote kisiwani, ukiwa na jumba la maonyesho ya tamthilia, tramu na bandari iliyojaa meli. Tarehe 8 Mei 1902, saa mbili asubuhi, wingu la gesi na majivu ya moto lilishuka kutoka mlima Pelée na kuufuta kwa dakika chache, likiua watu wapatao 28,000. Mlima ulikuwa umetoa onyo kwa wiki kadhaa, lakini raundi ya pili ya uchaguzi ilikuwa imepangwa tarehe 11 Mei, na mji haukuhamishwa. Gavana Louis Mouttet mwenyewe alifia humo. Panda ngazi za mawe za jumba la maonyesho, ambazo sasa hazielekei popote, kisha uangalie chini upande mmoja uone seli ya gereza aliyokuwamo Cyparis, mmoja wa watu wachache sana waliopona. Ni kijumba cha mawe mazito chenye paa la kuba, na tundu lake dogo la hewa limeupa mlima kisogo. Simama ndani kwa dakika moja, nawe utaelewa kilichomponya. Jumba la kumbukumbu la janga hilo liko hatua chache kutoka hapo. Uone kengele ya kanisa iliyobonyea kwa joto.

Siku inayofuata endesha hadi kusini, Anse Cafard karibu na Diamant. Mwaka 1830, wakati biashara ya watumwa ilikuwa tayari imepigwa marufuku, meli iliyokuwa ikiwaleta mateka kwa siri ilivunjika kwenye miamba hiyo usiku. Mwaka 1998 msanii Laurent Valère alisimamisha hapo sanamu 15 nyeupe, kila moja ikiwa kubwa kuliko mtu, zimeinamisha vichwa na kuelekea Ghuba ya Guinea. Nenda asubuhi kabla ya mabasi ya watalii.

Fort-de-France yenyewe inatosha nusu siku: Maktaba ya Schoelcher, soko la viungo, na ofisi ya zamani ya Aimé Césaire, mshairi aliyekuwa meya wa mji huu kuanzia 1945 hadi 2001. Katika fuo zote, jihadhari na mti wa mancenillier. Matunda yake ni ya kijani na yanafanana na tofaa dogo, lakini ni sumu kali, na maji ya mvua yanayodondoka kwenye majani yake huunguza ngozi. Mingi imepakwa utepe wa rangi nyekundu kwenye shina; usikae chini yake, wala usiwashe moto kwa kuni zake.

Hatua ya nane: Dominica

Kwanza hakikisha tiketi na mizigo yako imeandikwa Dominica, si Jamhuri ya Dominika, ambayo ni nchi nyingine kabisa. Dominica ina fuo chache za mchanga mweupe, na nadhani ndiyo imebaki kisiwa cha pekee mno kwa sababu hiyo. Milima yake ilikuwa ngome ya wawili: Wakalinago, wenyeji wa asili wa visiwa hivi, na watoro waliokimbia mashamba.

Wakalinago wana eneo lao la mashariki, lililotengwa rasmi mwaka 1903, na mwaka 2023 Sylvanie Burton, mmoja wao, alichaguliwa kuwa rais wa nchi, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Tumia siku nzima huko. Utawaona wakisuka vikapu na wakichonga mitumbwi kutoka gogo moja la mti wa gommier. Zaidi ya yote, omba kuonyeshwa mkate wa muhogo. Muhogo hukunwa, hukamuliwa maji yake yenye sumu, unga hupepetwa, halafu hutandazwa juu ya bamba pana la chuma lililo motoni hadi ushikamane wenyewe bila mafuta. Muhogo tunaoula Tanga na Mombasa asili yake ni bara la Amerika, nao uliletwa Afrika na Wareno. Hapa unakutana na jamaa za watu walioufuga kwanza.

Ziwa Linalochemka linahitaji siku nyingine, viatu imara na kiongozi wa kulipwa. Safari huanzia kijiji cha Laudat na huchukua saa sita au zaidi kwenda na kurudi, kupitia Bonde la Ukiwa ambalo ardhi yake hutoa moshi wa salfa. Usiende peke yako, kwani ukungu hushuka ghafla na njia hupotea. Kwa asiyeweza mwendo huo, ngome ya Shirley karibu na Portsmouth inafikika kwa gari. Huko mwaka 1802 askari weusi wa kikosi cha Kiingereza waliasi kwa kuhofia kuuzwa mashambani.

Hatua ya tisa: Guadeloupe na njia ya kurudi

Pointe-à-Pitre ina jengo moja linalojumlisha yote uliyoyaona: Mémorial ACTe, lililofunguliwa 2015 mahali palipokuwa kiwanda cha sukari. Tenga saa tatu. Historia ya utumwa inaelezwa humo tangu kale hadi leo, ikiwemo ukweli kwamba Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha 1802, na ukafutwa tena mwaka 1848. Siku ya pili nenda Basse-Terre na Matouba, alikokufa Louis Delgrès tarehe 28 Mei 1802 pamoja na wafuasi wake wapatao 300, waliochagua kujilipua kwa baruti kuliko kurudishwa utumwani. Msomaji wa pwani akumbuke pia kwamba katika miaka ya mwisho wa karne ya 18 meli za Kifaransa zilikuwa zikinunua watu Kilwa, wengi kwa ajili ya Mauritius na Réunion, na baadhi wakavushwa hadi Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti.

Kwa kurudi, mwenye viza ya Schengen apande ndege ya Paris. Asiye nayo arejee Barbados kwa ndege ya visiwani, akiacha angalau siku moja ya akiba kabla ya ndege yake ya London, kwa sababu ndege ndogo huahirishwa mara kwa mara. Chupa za ramu ziwe kwenye begi la kukabidhi, zimezungushiwa nguo. Matumbawe na makombe makubwa ya kochi, konokono wa baharini, yaache ufuoni, kwani yanalindwa kwa mikataba ya kimataifa, na forodha huweza kuyakamata na kukutoza faini.